Kabla Hujatia Ule Unga Mtamu Kwenye Chai

"Dada, kuna unga wa mizizi unauzwa hapa kwetu Mashimoni. Ni mtamu hata bila sukari. Jirani anasema umemponya vidonda vya tumbo. Na mimi ninywe?"

Swali hili nimeulizwa Mashimoni ya Kibera, nikiwa kwenye benchi la mama mmoja anayekaanga mandazi, na nimeulizwa Mashimoni ya Kawangware, nikisubiri mvua iishe chini ya bati la fundi viatu. Wa mwisho kuniuliza alikuwa msichana anayefanya kazi ya kufua nguo mitaa ya Lavington. Aliongea akiwa ameubana mkono chini ya kifua, pale pale panapomchoma. Nilimwambia aniletee pakiti niione kwa macho yangu.

Akaileta. Pakiti ya plastiki, karatasi ya kijani imebandikwa juu, picha ya tumbo lenye moto na kando yake tumbo lililopoa. Unga wenyewe una rangi ya mchanga, na ukiusugua kwa vidole unasikia nyuzi nyuzi za mzizi. Niliweka kidogo ulimini. Utamu wake hauji mara moja kama wa sukari. Unasubiri kidogo, kisha unatanda mdomo mzima na kukataa kuondoka hata ukishakunywa maji. Kwa utamu ule niliujua hata kabla sijasoma karatasi. Ni likorisi, mmea ambao kitaalamu unaitwa Glycyrrhiza glabra, na hilo neno la kwanza limetoka kwenye Kigiriki, maana yake mzizi mtamu. Maduka ya Wahindi huuza vijiti vyake kwa jina la mulethi. Wachina huuita gancao na huutia katika dawa zao nyingi za asili. Misri na Shamu watu hufuturu kwa kinywaji chake Ramadhani.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikwambii kwamba umeuziwa takataka. Mzizi huu umetumiwa kutuliza tumbo na kifua kwa karne nyingi, na una kazi halisi mwilini. Kilichonifanya niandike leo ni hiyo kazi halisi. Huku mtaani tumezoea kusema "hii ni ya miti tu, haina madhara." Huu una nguvu ya dawa, basi ushike kama dawa.

Nitakueleza nilivyojifunza. Shangazi yangu, anayekaa Kawangware upande wa 56, alikuwa na kiungulia cha miaka. Mtu alimpitia mlangoni na mkebe wa unga kama huu, akamwambia vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, kwenye maji moto, mpaka apone. Shangazi ana presha, anameza vidonge kila siku. Mwuzaji hakumwuliza habari hiyo, na shangazi hakuona sababu ya kuitaja. Wiki ya kwanza alisifu. Kiungulia kilipoa, akalala usiku kucha. Wiki ya nne viatu vikamkataa. Ukibonyeza kidole juu ya mguu, shimo linabaki. Wiki ya sita alishindwa kupanda ngazi za ploti yake, akasema miguu imekuwa kama ya mtu mwingine, haimsikii, na moyo unaruka ruka. Alipopimwa, presha ilikuwa imepanda kupita alivyowahi kuwa nayo, na kipimo cha damu kikaonyesha potasiamu imeshuka sana. Daktari alimwuliza swali moja: "Mama, kuna kitu kitamu cha miti unakunywa?" Nilikuwa nimesimama hapo kando ya kitanda. Ndipo nilipoanza kusoma.

Ndani ya mzizi huu kuna kemikali inayoitwa glycyrrhizin. Ndiyo inayotoa ule utamu, na inaipita sukari kwa utamu mara nyingi sana, karibu mara 50. Sasa, mwili wako hutengeneza homoni ya kotisoli kila siku, na ikifika kwenye figo kuna kimeng'enya kinachoizima, maana isipozimwa inaiambia figo ishike chumvi na maji na iache potasiamu itoke na mkojo. Glycyrrhizin inakizuia hicho kimeng'enya kisifanye kazi. Figo inabaki ikipokea amri isiyokoma: shika chumvi, shika maji, tupa potasiamu. Maji yakijaa, presha inapanda na miguu inavimba. Potasiamu ikiisha, misuli inalegea. Na moyo pia ni msuli.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1946 daktari wa Uholanzi kwa jina Revers aliandika kwamba wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo walipata nafuu kwa dawa iliyotengenezwa kwa maji ya mzizi huu, lakini kama mmoja kati ya kila watano alivimba. Ndicho kilichompata shangazi yangu: tumbo limepoa, miguu imejaa. Uingereza wakatengeneza kutokana nao dawa ya vidonge, carbenoxolone, iliyotumika hospitalini kuanzia miaka ya 1960. Iliponya vidonda kweli, na ikaleta presha na uvimbe ule ule, hadi zilipopatikana dawa salama zaidi nayo ikawekwa kando. Na mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts, Marekani, walieleza kisa cha fundi wa ujenzi wa miaka 54 aliyekuwa akila peremende za likorisi pakiti moja na nusu kila siku kwa wiki kadhaa. Moyo wake ulisimama akiwa mkahawani. Potasiamu yake ilikuwa chini mno. Hakupona.

Najua utaniuliza: sasa kiasi gani ni salama?

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema miligramu 100 za glycyrrhizin kwa siku hazitarajiwi kuwadhuru watu wazima walio wengi. Tupige hesabu pamoja. Kijiko cha chai cha unga kina kama gramu mbili. Mizizi hutofautiana, mingine ina asilimia mbili ya kemikali hiyo, mingine zaidi ya kumi. Tuseme wako una tano. Kijiko kimoja tu, tayari umefika miligramu 100. Shangazi yangu alikuwa akinywa vijiko vinne kwa siku, yaani mara nne ya kiasi hicho, na mkebe haukuwa na hata mstari mmoja wa kueleza kuna kiasi gani ndani. Hapo ndipo ninapokasirika. Mtu anayekuuzia kitu chenye nguvu hivi bila kuandika kipimo, bila kukuuliza kama una presha au mimba, hajakufanyia haki, hata kama mwenyewe anaamini anasaidia.

Shirika la Dawa la Ulaya linakubali mzizi huu utumike kwa kiungulia na tumbo lisilosaga vizuri, kwa mtu mzima, lakini usipite wiki nne, na halipendekezi utumiwe na wenye presha, ugonjwa wa moyo, figo au ini. Mimi nakwambia hivyo hivyo kwa lugha ya nyumbani. Kama una presha, usiuguse. Kama miguu huvimba, usiuguse. Kama unameza vidonge vya kukojoza maji, vile vya HCTZ au Lasix, uchukulie kama sumu kwako, kwa sababu vidonge hivyo navyo hutoa potasiamu, na viwili hivyo vikikutana utaishiwa haraka. Mwenye kutumia dawa ya moyo ya digoxin, au warfarin ya kuzuia damu isigande, asianze chochote cha namna hii kabla ya kuongea na daktari wake. Na wewe mwenye mimba, uache kabisa mpaka ujifungue. Finland, ambako peremende hizi hupendwa sana, watafiti walifuatilia watoto ambao mama zao walikula likorisi nyingi wakiwa wajawazito. Mwaka 2017 walieleza kwamba watoto hao, walipofika umri wa miaka 13 hivi, walipata alama za chini kuliko wenzao katika majaribio ya akili.

Pengine hujui kama una presha. Wengi wetu hatujui, maana presha haiumi. Lakini siku hizi huhitaji kupanga foleni kujua. Wale wahudumu wa afya ya jamii tunaowaita CHP, waliozinduliwa laki moja nchi nzima Septemba 2023, walipewa mikoba yenye mashine ya kupimia presha. Wako kwenye kijiji chako, na wengine ni majirani zako kabisa. Mwombe akupime. Ikiwa tayari umeanza kunywa, pimwa wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Na ukiacha, usishangae ukiona presha haishuki kesho yake, kwa sababu athari ya mzizi huu huweza kukaa mwilini siku nyingi, hata wiki mbili.

Kuna likorisi ya aina nyingine, na wauzaji hawaitaji. Viwanda huweza kuitoa ile glycyrrhizin na kuacha sehemu nyingine za mzizi. Kwenye pakiti utaona herufi DGL, au neno refu deglycyrrhizinated. Hiyo haina ile shida ya presha kwa kiasi kikubwa, na huenda umeshainywa bila kujua: dawa ya maji ya Relcer, ambayo karibu kila kemisti ya Nairobi inayo, ina likorisi ya namna hiyo pamoja na dawa za kupunguza asidi na gesi. Soma pembeni mwa chupa, utaliona. Kwa hiyo ukimkuta mtu anakuuzia "dawa ya mzizi mtamu," muulize kitu kimoja: imetolewa glycyrrhizin au haijatolewa? Asipojua kujibu, rudisha pesa zako mfukoni. Na usome majina yote, sababu mzizi huu hujificha chini ya majina mengi: liquorice, licorice, Glycyrrhiza, mulethi, yashtimadhu, gancao. Ukilikuta mojawapo, ni huu huu.

Nirudi kwa msichana wa Lavington, kwa sababu nilipomkalisha na kumwuliza anavyoishi, unga ulikuwa jambo dogo.

Anaamka saa kumi na moja. Anaondoka Mashimoni na chai ya rangi tupu, mara nyingine hata hiyo hakuna, anatembea mpaka Lavington na kukaa ukutani na wenzake wakisubiri kuitwa. Akiitwa, anafua mablanketi na jinzi kwa mikono, kiuno kimepinda, mpaka saa tisa. Jioni mgongo unawaka. Anapita dukani ananunua vidonge viwili vya diclofenac, vilivyokatwa kwa makasi kutoka kwenye kadi, anameza na maji, na tumbo halina kitu. Nikamwuliza, tangu lini? Akasema tangu mwaka juzi. Kila siku? Siku za kazi zote, Dada.

Ndicho kinachomchoma. Diclofenac, Brufen na aspirini hupunguza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi. Ukivimeza kila siku, tena bila chakula, vinachimba vidonda. Na vidonge vingi vya maumivu vinavyouzwa kwa pakiti ndogo vina aspirini ndani, hata kama jina kubwa la mbele halisemi. Vidonge vya namna ya diclofenac na Brufen navyo hupandisha presha. Sasa fikiria mtu anameza hivyo jioni, na asubuhi anakunywa mzizi unaopandisha presha ili kuponya kidonda ambacho jioni atakichimba upya. Nilimwambia kwa mgongo ajaribu paracetamol kwanza, kwa kiasi kilichoandikwa, na asile kidonge kingine chochote cha maumivu bila kumwambia daktari kwamba tumbo linamchoma. Tukazungumza pia juu ya chakula cha asubuhi. Uji ulioachwa kwenye thamosi tangu usiku, au ndizi mbili za kubeba mkononi, ni bora kuliko kutembea na asidi tupu. Sikumwambia aache kazi. Najua kodi ya nyumba inavyodaiwa.

Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni bakteria, Helicobacter pylori. Zamani madaktari walisema vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1982 Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walimtambua bakteria huyu tumboni mwa wagonjwa. Watu walipokataa kuwaamini, Marshall mwaka 1984 alikunywa kikombe cha bakteria hao, akaugua tumbo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Maana yake kwako ni kubwa: kidonda kinacholetwa na bakteria hutibiwa kikapona, kwa antibiotiki za aina mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Mzizi mtamu haufanyi kazi hiyo. Utapoza moto, bakteria abaki ndani akiendelea kula.

Kwa hiyo kabla ya kununua mkebe wa pili, peleka hizo pesa kwenye kipimo. Kipo kipimo cha choo kinachomtafuta bakteria huyu. Uliza kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Wa Kibera mna Mbagathi hapo jirani, wa Kawangware mna Riruta. Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: kama unameza omeprazole, iache wiki mbili kabla ya kipimo, na kama ulikuwa na antibiotiki, ngoja wiki nne, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna hali unaye. Ukipewa dozi, imalize yote. Najua inaleta uchungu mdomoni na kuhara kidogo, na najua siku ya tano ukijisikia nafuu utataka kumwachia dada yako vidonge vilivyobaki. Usifanye hivyo. Kisha baada ya wiki nne upimwe tena.

Na si kila tumbo la Mashimoni ni vidonda. Maji yetu tunayajua. Utafiti wa KEMRI na CDC uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta homa ya matumbo Kibera ikiwapata watu 247 kati ya kila laki moja kwa mwaka, wakati kule Lwak, Siaya, ilikuwa 29. Ukiona mipira ya maji inavyolala ndani ya mitaro hushangai. Ndiyo sababu nawapenda watu wa SHOFCO kwa kuyapandisha mabomba yao juu ya mapaa, mbali na uchafu. Homa inayokaa siku nyingi pamoja na tumbo kuuma inataka hospitali, haitaki chai ya mzizi. Maji yachemshe, au tia Waterguard na usubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Kuna dalili ambazo ukiziona, funga mlango uende, hata kama ni usiku na itabidi jirani akusindikize: choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, chakula kukwama kooni, kukonda bila sababu. Hizo si za kujaribia unga wowote.

Nasema haya nikikumbuka mwaka 2011. Tulipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Wakenya walikuwa wengi kwenye foleni ile. Wapo waliorudi wakaziacha dawa zao za kila siku, za sukari, za presha, za virusi, kwa kuamini wamepona, na tuliwazika baadhi yao. Sikumbushi hili kumsema mtu yeyote. Nakumbusha kwa sababu aliyeumwa muda mrefu na asiye na pesa hushika lolote linalompa tumaini, na mimi sitaki mdogo wangu ashike kitu kitakachomwangusha. Kama daktari amekupa vidonge, usiviache kwa sababu ya unga. Na kama unakunywa unga, mwambie daktari. Mpelekee hata pakiti. Atakayekukaripia kwa kusema ukweli, mtafute mwingine.

Shangazi yangu alikaa hospitalini siku sita akiwekewa potasiamu. Sasa anapanda ngazi zake mwenyewe. Ilibainika ana bakteria, akameza dozi, kiungulia kimeisha. Ule mkebe anautumia kuwekea vifungo.

Msichana wa Lavington alipimwa presha na CHP wa kijiji chake Jumanne. Ilikuwa juu, kwa umri wake. Ameacha unga, na wiki ijayo anapeleka choo kupimwa. Pakiti yake iko hapa kwangu kabatini, nimeifunga kwa mpira. Akishapata majibu tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari, kisha ataamua mwenyewe.